Mchezo wa Nyumba za Viberiti

Kambini sabuni haiji hivi hivi. Kwanza watakuja vijana wenye vizibao vya manjano, watawaketisha duara, watawafundisha wimbo wa kunawa mikono, mtaimba mpaka makoo yakauke, mtapigwa picha, na hapo ndipo katoni itakapofunguliwa. Unga nao ulitanguliwa na maigizo: mama mzembe, mama mwerevu, na mtoto wa kuazima akilia katikati. Vyandarua vilikuja baada ya mashindano ya kuvuta kamba, na mpaka leo hajatokea mtu wa kueleza kamba na mbu vina udugu gani. Perpétue Nyirakamana alikimbia Kalengera na watoto watatu vita vilipowakuta shambani, akapita kambi ya Kanyaruchinya ambako hapakuwa na pa kuweka mguu, akasukumwa mpaka upande wa Lac Vert, nje ya Goma. Katika safari hiyo yote jambo moja lilimwingia akilini likakaa: ukiona wageni wanakuchezesha, cheza, wala usiondoke kabla ya mwisho. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa hiyo siku gari la mradi wa sayansi lilipopanda mlimani na vijana wakaanza kuteremsha mabeseni, mishumaa na maboksi ya viberiti, Perpétue hakuuliza watagawa nini. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kukaa mstari wa mbele.

Yeye shida yake ilikuwa moja, mahali pa kulala. Eneo lote lile ni mawe meusi ya volkano, makali, na waliotangulia kufika walijenga juu ya mawe hayo huku wakilalamika migongo. Waliochelewa, watu wa Kalengera na vijiji vya jirani, walionyeshwa bonde dogo upande wa chini. Huko kulikuwa na udongo mlaini na majani mabichi, mti ukichomekwa unasimama. Siku ya kwanza Perpétue alimshukuru Mungu kwa sauti, akawaonea huruma wale wa juu. Haukupita muda mrefu, mzee Ndayambaje, jirani yake tangu kijijini, akaamka akamkuta mbuzi wake amelala miguu imenyooka, hana jeraha, hana povu. Wenyeji wa pale walikuja wakasimama ukingoni, wakachungulia, wakasema neno moja, "mazuku", kisha wakarudi zao juu.

Mazuku ni hewa inayotoka chini ya ardhi. Haina rangi wala harufu, ni nzito, na alfajiri upepo ukitulia hujaa kwenye mabonde na kuua aliye chini. Wenyeji wanayajua mashimo yake yote jinsi mtu anavyowajua mbwa wa mtaani kwake. Lakini nani atamwambia mkimbizi kabla hajamaliza kujenga?

Asubuhi moja Perpétue aliamka awashe moto. Alipokisogeza kijiti cha kiberiti chini kwenye kuni, kikazima. Akawasha kingine, kikazima. Akageuka kumtazama Umugwaneza, kitinda mimba wake, aliyekuwa amelala upande wa bondeni kabisa. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya buluu, na alipomwita hakuitika. Perpétue hajui alipandaje ule mlima. Anachokumbuka ni kwamba huko juu, penye upepo, alimpiga mtoto mgongoni, akampiga tena, mpaka mtoto akavuta pumzi na kulia, na kilio kile alikipenda kuliko wimbo wowote aliowahi kuusikia kanisani.

Tangu siku hiyo Umugwaneza hakulazwa chini. Alilala mgongoni, naye mama yake alilala amekaa, ameegemea mti wa kibanda, akizinduka kila shingo ilipoanguka. Wakubwa wawili, Fabiola na Gauthier, aliwaombea pembe ya kulala kwa mama mmoja wa kule juu, na pembe ile haikuwa na nafasi ya mtu wa tatu hata angejikunja kama kamba.

Alikwenda kwa papa Zihindula, rais wa kamati ya kambi. Zihindula alikuwa mtu mpole sana. Kazi ya kukataa watu kila siku ilikuwa imemlainisha.

"Mama Fabiola, miye nakusikia. Lakini kule juu nafasi haiko."

"Na pale, papa?"

Perpétue alinyoosha kidole. Juu kabisa, mahali pa wazi panapopigwa na upepo wa ziwa mchana na usiku, palikuwa na uwanja mpana, mawe yake yamesawazishwa, umezungushiwa kamba, na katikati pamesimamishwa hema kubwa la buluu.

"Pale? Pale ni ya projet, mama. Beko nakuya kufundisha batu hatari ya mazuku. Sasa bafundishie ndani ya mazuku?"

Na kweli, ukilipima neno hilo, halina kosa. Mradi uliomba mahali salama kwa wafanyakazi wake na vyombo vyake. Walikuja na kijidude cha kupimia hewa, wakakizungusha kambi nzima, na pale kijidude kilipokaa kimya ndipo walipofunga kamba. Ardhi iliyo salama kuliko zote ikapewa hema la kuwafundisha watu kuishi kwenye ardhi salama.

Mwenye mchezo aliitwa Onésime. Alikuwa kijana wa Butembo, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara, lakini yeye akasoma elimu ya miamba hapa Goma, na mpaka leo wajomba zake wanauliza hiyo miamba anaiuza kwa nani. Alikuwa na sauti nzuri na moyo mzuri, na alicheka kabla ya watu wengine kucheka. Siku ya kwanza alipanga mishumaa mitatu ndani ya beseni, mmoja chini, mmoja juu ya tofali, wa tatu juu ya matofali mawili. Akatia bikaboneti ndani ya jagi, ile ya kuumulia mandazi, akamimina siki, povu likapanda na kutulia. Kisha akaliinamisha jagi polepole juu ya beseni kama anayemimina maji, na hakikutoka kitu. Watu wakaanza kucheka. Mshumaa wa chini ukazima. Kicheko kikakatika. Ukazima na wa kwenye tofali. Wa juu ukaendelea kuwaka kana kwamba hayauhusu.

"Munaona? Hiyo njo mazuku! Haionekane, lakini inatelemukaka kama maji."

Watoto walipiga kelele arudie. Perpétue hakupiga kelele. Alikuwa akiutazama ule mshumaa wa chini, utambi wake ukitoa moshi mwembamba. Aliliona kwa macho yake lile lililomkuta mwanawe, na alitamani wakati huohuo kulia, na kumshukuru yule kijana, na kumpiga kofi.

Kisha ukaja mchezo wenyewe. Ndani ya hema walikuwa wamefinyanga kambi nzima kwa mchanga mweusi: mlima, barabara, bomba la maji, bonde, na hata hema la buluu kwa kipande cha mfuko. Kila mchezaji alipewa boksi tupu la kiberiti. Hiyo ndiyo nyumba yake, aiweke anapotaka. Kisha dadu hurushwa, na ikionyesha alfajiri isiyo na upepo, Onésime anamimina maji ya kijani. Maji hutafuta njia yake, hujaa bondeni, na boksi lililolowa limetoka. Lililobaki kavu mpaka mwisho ndilo mshindi.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana hapa ndipo mambo yalipopinda. Kambini maji hupatikana kwa foleni, na foleni haipangwi na watu, inapangwa na bidoni, yale madumu ya maji. Unaleta bidoni yako, unaiweka kwenye mstari, unakwenda kuuza ndizi zako, kunyonyesha, kusali. Bidoni ni wewe. Anayeisogeza amekusukuma wewe, na anayeitoa kwenye mstari amekutukana mbele ya watu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna asiyeijua. Sasa mwite mtu aliyeishi kwa sheria hiyo mwaka na zaidi, mtu ambaye kila wimbo alioimba ulimletea sabuni na kila igizo likamletea unga, mpe nyumba ndogo, mwonyeshe mlima wake mwenyewe, mwambie, "Weka pale unapotaka kukaa." Ungemtaka aelewe nini?

Perpétue aliliweka boksi lake juu kabisa, palepale penye kile kipande cha mfuko.

"Tazama mama ameelewa!" Onésime alishangilia. "Mara moja tu, ameelewa!"

Ndiyo, alielewa. Na wenzake wa bondeni nao wakaelewa, wakajisukuma kuweka maboksi yao karibu na lake. Jioni Onésime akaja na katoni, akaanza kuyazoa maboksi ayaweke hadi kesho. Kelele iliyozuka hapo ilimfanya aangushe katoni.

"Kijana," mzee Ndayambaje alisema, akitetemeka ndevu, "unabomoa nyumba ya mutu na mwenyewe eko anaona?"

Onésime aliguswa sana. Aliyaacha maboksi yalale mahali pake, na asubuhi akakuta kila moja lina alama: hili limefungwa uzi mwekundu, lile limechorwa msalaba kwa makaa. Siku ya tatu wanawake wawili walivuana vilemba kwa sababu mmoja alimsogezea mwenzake boksi kidogo upande wa chini. Onésime aliwaamua, na akiwa bado anahema akawapigia simu wakubwa wake mjini. Akawaambia kwamba hajapata kuona watu wakiupokea mchezo kwa moyo wa namna hii. Wakubwa walifurahi. Waliwapigia simu wakubwa wao, ng'ambo, na ng'ambo nako wakafurahi, wakasema watakuja wauone kwa macho.

Mchezo ukaendelea majuma na majuma. Hakuna mwanafunzi mwenye bidii kama anayedhani atapewa kiwanja. Perpétue aliuliza mambo ambayo hata wanafunzi wa chuo walikuwa hawamuulizi Onésime: hewa ile ikijaa, inapanda mpaka magotini au mpaka kiunoni? Mvua ikinyesha inaisha au inajificha? Ukuta wa mawe utaizuia, au itazunguka? Onésime alijibu yote, anapochoka anajibu tena, na Perpétue alishuka bondeni akawafundisha wengine. Wakaacha kuwalaza watoto upande wa chini. Wakaacha kutoka kabla jua halijapasha. Mengine yote walisubiri siku ya kugawiwa, na siku hiyo, kila mtu alijua, ni siku watakayokuja wageni. Bila wageni katoni hufunguliwa wapi?

Siku moja kabla ya wageni kufika, mzee Ndayambaje akamfuata Onésime na swali dogo. Alikuwa na mlango wa bati, aliubeba kichwani tangu Kalengera. Je, aje nao, au mradi una milango yake?

"Mulango ya nini, muzee?"

"Ya nyumba. Kule juu. Nyumba yangu iko pembeni ya ile ya Mama Fabiola, weye mwenyewe uliiona."

Onésime aliutoa mkono polepole ndani ya katoni ya viberiti. Halafu akaenda mpaka ukingo wa bonde akamwita Perpétue. Hakushuka. Sheria za usalama za mradi ziliwakataza wafanyakazi kushuka. Kwa hiyo yeye alisema akiwa juu, na Perpétue akasikiliza akiwa chini, mtoto mgongoni.

"Mama Fabiola, unisamehe. Ile mchezo ni mchezo tu."

"Sabuni nayo ilikuwaka mchezo."

"Bale ba sabuni balikuwa na sabuni. Siye hatuna parsele, hatuna kiwanja ya kugawa, mama. Tuko na mishumaa."

Perpétue alimtazama aone kama alisema kweli, na aliona kwamba alisema kweli, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Na mwenye kushinda kesho?"

"Atapata tisheti."

"Tisheti."

"Iko na picha ya volkano."

Hasira ilimpanda Perpétue kutoka miguuni. Kulala amekaa, shingo iliyokufa ganzi, mambo yote yale ya magoti na kiuno aliyoyashika kwa kichwa, ili apewe tisheti.

"Munajua tunalalaka mu hii shimo?"

"Tunajua. Njo maana tulikuya kuwafundisha."

"Na mukisha kutufundisha?"

"Kisha..." Onésime alikohoa. Jibu lilikuwa limo kwenye mafunzo yake. "Kisha mutu mwenyewe anachukua uamuzi ya kuhama."

"Kuhama kwenda wapi?"

Upepo wa ziwa ulimpeperushia Onésime kizibao chake cha manjano. Akasema kesho asubuhi na mapema, kabla wageni hawajafika, atawaambia watu wote ukweli.

"Usiambie mutu," Perpétue alisema.

"Mama, banaleta mizigo! Muzee analeta mulango!"

"Alete. Weye uko na kazi gani kesho?"

"Kutafsiria wageni."

"Basi utafsiri."

Hakulala, lakini hilo halikuwa jipya. Aliogopa, na alijiambia wazi kwamba anaogopa. Zihindula akiita polisi, watatimuliwa wote, na ndipo majirani watakapojua kwamba yeye alijua. Watamlaani, na watakuwa na haki. Kuwaacha wapande na vyombo vyao kwa ahadi ambayo haipo, tena watu wa kijiji chake, lilikuwa jambo baya. Lakini kuwaambia ukweli ni kuwaacha bondeni. Alilizungusha jambo hilo huku na huku na kila mara lilirudi kwa mtoto aliyekuwa akipumua shingoni mwake. Mzee Ndayambaje alipomuuliza kulipokucha, alimjibu, "Beba mulango, muzee. Na kamba ukiwa nayo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, ingawa hawakusema mgeni akichelewa itakuwaje. Magari yalifika jua likiwa kali. Mgeni mkuu alikuwa mama wa kizungu mwenye mvi fupi na viatu vya kupandia milima, mtu mwema, ambaye maisha yake yote amepigania sayansi itoke maabara ikacheze na watu. Alikaa chini kwenye mkeka na akakataa kiti. Alipewa jagi, akamimina kile kisichoonekana, mshumaa wa chini ukazima, naye akapiga makofi kuliko watoto. Papa Zihindula, ndani ya koti, alipiga makofi kila yeye alipopiga.

Mchezo wa mwisho ukachezwa. Dadu ikatoa alfajiri, ikatoa alfajiri tena, maji ya kijani yakajaa bondeni. Maboksi ya watu wa juu ambao hawakuwahi kuwa na haja ya kufikiri yalilowa, na kule kileleni maboksi ya watu wa bondeni yalibaki makavu, la Perpétue lenye uzi mwekundu likiwa juu ya yote. Perpétue akaitwa mbele, akavishwa tisheti juu ya gauni lake, volkano ikamkaa kifuani. Watu wakashangilia. Wapiga picha wakapiga picha.

Perpétue akageuka kuelekea watu wa bondeni, waliokuwa wamejipanga nje ya kamba, nyuma ya hema.

"Tumesha kushinda," akasema. "Mukuye."

Wakaja. Walikuja na magodoro ya sponji yaliyoviringishwa, sufuria, bidoni, miti ya kibanda waliyoing'oa alfajiri, mashiti ya plastiki, kuku mmoja, na mzee Ndayambaje akiwa chini ya mlango wake wa bati. Waliinua kamba ya mradi wakapita chini yake kwa heshima, mmoja akimshikia mwenzake. Waliingia uwanjani, na kila mtu alikwenda moja kwa moja mahali pake, bila kuuliza, bila kusukumana, maana walikuwa wameligombania hilo kwa majuma mengi na lilikuwa limekwisha. Wakatua mizigo. Wakaanza kukusanya mawe ya kushikilia miti.

Mgeni mkuu alisimama. Aliuliza kwa Kifaransa wale watu wanafanya nini.

Papa Zihindula alimtazama Onésime. Perpétue alimtazama Onésime. Kijana wa watu, jasho likimteremka nyuma ya masikio, akamgeukia mgeni.

"Ni simulation, Madame," alisema. "Zoezi la kuhama. Wanafanya kwa vitendo yale waliyojifunza."

Uso wa yule mama ulivyong'aa, hata Perpétue alimwonea huruma. Alishika mikono kifuani. Aliwaambia wenzake kwamba miaka yote hii, nchi zote hizi, hajaona kitu kama hiki, watu wenyewe, bila kuambiwa, kwa vyombo vyao vya kweli! Kisha akakunja mikono ya shati, akatoka uwanjani, akaushika mti wa kibanda cha Perpétue ukae wima huku Fabiola na Gauthier wakiurundikia mawe. Wenzake nao hawakutaka kubaki nyuma. Mmoja alivuta shiti, mwingine akaenda kumsaidia mzee Ndayambaje na mlango, akaupiga ngumi ya utani kama anayebisha hodi. Kamera hazikupumzika. Papa Zihindula aliitwa aje naye kwenye picha, akaja, akapewa jiwe alishike.

Alimsogelea Perpétue akiwa bado na jiwe, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Mama Fabiola, kesho asubuhi mutabomoa."

"Sawa, papa. Tutaanzia ku ule muti Madame alisimamisha?"

Zihindula aliutazama ule mti. Alimtazama Madame, ambaye alikuwa akipigwa picha akiwa ameukumbatia. Akaliweka jiwe lake juu ya mengine, polepole, akalisawazisha.

Perpétue alifungua kitenge, akamshusha Umugwaneza, akakitandika juu ya mawe chini ya kile kivuli cha kwanza, akamlaza. Mtoto alikuwa amelala fofofo na hakuzinduka. Mama yake alimtazama kidogo, kifua kidogo kikipanda na kushuka. Angependa kukaa hapo alie, lakini upande mmoja wa shiti ulikuwa unapepea, na watu wa bondeni wanajua nyumba isiyofungwa pande zote si nyumba bado.

Mgeni mkuu akaja akifuta vumbi mikononi, amechoka, amefurahi, Onésime nyuma yake. Alitaka kumuuliza mshindi swali moja kabla hawajarudi mjini. Katika mchezo wote, ni kitu gani kilichomfurahisha zaidi?

Onésime akatafsiri swali. Perpétue alijibu bila kuacha kukunja fundo.

"Umwambie miye sikukuwa nacheza."

Onésime akamgeukia mgeni, akatabasamu, akamwambia kwa Kifaransa kizuri cha shule kwamba mama anasema alipenda zaidi mishumaa.

Perpétue alikuwa amefika mwaka wa nne wa sekondari kabla karo haijamshinda baba yake, na Kifaransa cha namna hiyo alikisikia vizuri sana. Alimpa Madame ncha ya kamba, akamwonyesha kwa kidole pa kufunga.